Kupiga na Kubonyeza: Istilahi za Muziki wa Elektroniki Mbele ya Hadhira

Istilahi za muziki zimeongezeka upesi katika miaka ya karibuni, na nyingi miongoni mwao zimeingia katika barua, vibali na mapatano bila kupimwa na mtu yeyote. Katika makala haya tunakusudia kuchunguza chache tu, zile zinazohusu wanamuziki chipukizi ambao hupiga muziki mbele ya watu kwa kompyuta na vinanda vya elektroniki, wasiokuwa chini ya bendi wala kampuni. Tumezichagua hizo kwa sababu tumeona kwa macho yetu neno moja lisilopimwa likimpunguzia kijana ujira wake kwa nusu.

Jambo hilo lilitokea Ilagala, katika Wilaya ya Uvinza, pale Mto Malagarasi unapokaribia kuingia Ziwa Tanganyika. Tulikuwa huko kukusanya maneno ya wakamuaji wa mawese, na jioni moja tulialikwa harusini. Mwandalizi wa sherehe alikuwa ameandikiana na kijana mmoja karatasi ya mapatano iliyosema kwamba kijana "atatumbuiza kwa muziki mubashara". Kijana alifika na kompyuta ndogo, kinanda cha kupakatwa, na mwenzake mmoja wa kushika kipaza sauti. Alikuwa amenasa milio ya ngoma za Waha, akaikata vipande vipande, na kila kipande akakifunga kwenye kitufe chake.

Nusu saa ya kwanza haikutupendeza. Mwendo ulikuwa wa kasi mno, na mwenzake alipiga kelele pale ambapo angalipaswa kunyamaza. Lakini akina mama walipoanzisha wimbo wao wa kumpokea bibi harusi, kijana aliinamisha kichwa, akasikiliza, akapunguza mwendo hadi akaupata wa kwao, kisha akawatilia ngoma chini ya sauti zao. Walipokaza, naye alikaza. Walipokosea ubeti wakaurudia, aliwangoja. Kwa muda wa robo saa hivi uwanja mzima ulikuwa kitu kimoja.

Wakati wa malipo mwandalizi alitoa nusu ya fedha. "Wewe kijana hukupiga kitu," alisema, "umebonyeza tu. Hiyo ni pleibeki, na karatasi inasema mubashara."

"Mzee wangu," kijana akajibu kwa adabu, "akina mama walipoanza wimbo wao, nani aliwafuata? Kanda?"

Mzee hakuwa mtu dhalimu. Alisoma neno lililokuwa katika karatasi, akalitafsiri kama alivyolielewa, na hilo ndilo linalotuhusu sisi.

Neno mubashara tumelipata kutoka Kiarabu, ambako asili yake inahusiana na ngozi: jambo la mubashara ni lile linalogusa bila kitu kati. Katika Kiswahili cha Tanzania limeenea kupitia redio na runinga, likiwa na maana ya tangazo linalowafikia watu wakati uleule tukio linapotendeka. Huko linafaa sana. Likihamishiwa jukwaani hupoteza kazi yake, maana mtu aliyesimama mbele yetu hawezi kutufikia kwa njia nyingine. Hata anayefumbua kinywa huku kanda ikiimba badala yake, yuko mubashara kabisa. Kisichokuwa mubashara ni sauti. Msemo "moja kwa moja" nao una kasoro hiyohiyo, na zaidi yake una maana yake ya kale ya kutokupinda na kutokusita. "Muziki wa moja kwa moja" kwa Mswahili asiyezoea lugha ya redio ni muziki usio na mapumziko.

Lipo kosa jingine ambalo watafsiri wetu hulifanya mara nyingi zaidi. Tumesoma barua ya ofisi moja iliyoomba kibali kwa ajili ya "wanamuziki watakaocheza usiku kucha". Katika Kiswahili anayecheza muziki ni yule aliyeshuka uwanjani kuuitikia kwa mwili wake. Muziki hupigwa, ngoma hupigwa, gitaa hupigwa, kinanda hupigwa. Barua ile imewageuza wapiga vyombo kuwa wanenguaji, na afisa aliyeitia sahihi hakuona ajabu. Neno "mcheza santuri" limetokana na mkosi huohuo, ila limekwisha kuzoeleka na hatuna nia ya kuliondoa. Tunaomba tu lisitumiwe kwa mtu asiye na santuri, ambaye huunda mlio wake pale alipo.

Sasa turejee kwa mzee na tofauti yake kati ya kupiga na kubonyeza. Ina mantiki, lakini lugha yenyewe inaikataa. Kinanda hubonyezwa, hata hivyo tangu kilipofika pwani tunasema kinapigwa. Zumari hupulizwa, na bado watu hulipiga. Kitenzi hiki hakielezi mwendo wa mkono. Kinaeleza kwamba mlio umetokana na tendo la mtu, wakati ule, kwa hiari yake. Kwa kipimo hicho, anayebonyeza mara moja na kuuacha wimbo mzima ujiendee hakupiga, na anayebonyeza mara mia kwa kuwafuata akina mama wa Ilagala amepiga. Kwa nini basi tuogope kusema "mpiga kompyuta"?

Tena jambo hili si geni kama linavyodhaniwa. Mchiriku wa Dar es Salaam ulijengwa juu ya vinanda vidogo vya Casio vilivyounganishwa na vipaza sauti, na kundi la Jagwa Music liliufikisha Ulaya kwa albamu ya mwaka 2012. Singeli iliyofuata, yenye mapigo yanayozidi 200 kwa dakika, ilikulia katika mikesha ya vigodoro kabla ya kujulikana nje. Kazi za studio ya Sisso ya Mburahati zilikusanywa mwaka 2017 na kampuni ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala, ambayo jina lake kwa Kiganda hutaja hamu ya kucheza isiyozuilika, na kwa Kiswahili hutaja hamu nyingine tusiyoweza kuieleza katika kurasa hizi. Jay Mitta alitoa "Tatizo Pesa" mwaka 2018, na DJ Travella "Mr Mixondo" mwaka 2022. Vijana hawa hualikwa kupiga mbele ya hadhira za Ulaya, na wenyeji wao huko hawawaulizi kama wamepiga au wamebonyeza.

Kuhusu kivumishi, wapo wanaopendekeza "muziki wa umeme". Tunaona hakifai. Gitaa la umeme hutumia umeme kuukuza mlio ambao uzi umekwisha kuutoa, ilhali hapa mlio wenyewe huzaliwa ndani ya mtambo. Neno elektroniki limekwisha kukaa vizuri vinywani na liachwe lilivyo.

Gumu zaidi ni "msanii huru". Huru kutoka kwa nani? Katika nchi ambako neno hili lilitafsiriwa, uhuru huo ni wa kutofungwa na kampuni kubwa ya santuri. Historia yetu ni nyingine. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi; baadaye ikawa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Katika mfumo huo, na katika bendi za watu binafsi vilevile, swali kubwa lilikuwa vyombo ni vya nani. Mpigaji aliyegombana na mwenye vyombo aliondoka na sauti yake tu. Kwa hiyo tunapendelea "mwanamuziki wa kujitegemea", na tunalifafanua kuwa ni yule anayepiga kwa vyombo vyake au alivyokodi mwenyewe. Neno kujitegemea lina uzito wa Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hatudhani uzito huo unalidhuru. Ama "andagraundi", linalotumiwa na vijana kwa msanii asiyejulikana bado, chipukizi linatosha.

Limebaki lile lililoleta ugomvi. Pendekezo letu ni muziki wa papo hapo. Washairi wetu hutunga papo hapo, na kila mtu huelewa kwamba maneno yanazaliwa wakati yanaposikika. Kinyume chake si "muziki uliohifadhiwa", kwa sababu bendi nyingi zilizorekodiwa na Radio Tanzania zilipiga vyombo vyote kwa pamoja studioni. Zile ni kanda, lakini ndani yake mna muziki uliopigwa papo hapo. Kinyume chake ni kufuatisha: mtu kuigiza kuimba au kupiga juu ya sauti iliyokwisha kuwapo. Badala ya "pleibeki", basi, tuseme uimbaji wa kufuatisha. Walimu watakaolijaribu neno hili darasani watuandikie.

Kabla ya kuondoka Ilagala tuliombwa na mzee yuleyule tumsaidie kuandika karatasi ya sherehe nyingine, maana alitaka kumwita tena kijana yuleyule. Tuliandika: "Mwanamuziki atapiga papo hapo kwa vyombo vyake mwenyewe, kompyuta ikiwa mojawapo." Mzee aliisoma mara mbili, akakunja uso kidogo, kisha akauliza kama jenereta nayo ni chombo, na kama ni chombo, mafuta yake yatakuwa juu ya nani.