Chenga au Wizi: Kumpima Msimulizi Asiyeaminika

Rafiki yangu alinirudishia The Murder of Roger Ackroyd akiwa amenuna. "Umenipa kitabu cha tapeli," akasema. Siku mbili baadaye akapiga simu akikitaka tena, maana kuna ukurasa alitaka kuuangalia. Simu ile ndiyo kipimo changu cha kwanza cha riwaya ya aina hii. Aliyepigwa chenga halali hutaka kuona marudio ajue mpira ulimpitia wapi. Aliyeibiwa hana haja na marudio. Humtukana refa, akaenda zake.

Nitataja vitabu vinne, na siri zake nitazimwaga zote. Anayetaka kuvisoma kwanza aishie hapa.

Agatha Christie alikitoa kitabu hicho mwaka 1926. Wasomaji wake walishamzoea Hastings, swahiba wa mpelelezi Poirot, anayesimulia huku akishangaa pamoja nasi. Safari hii Hastings yuko Argentina, na kwenye kiti chake ameketi Daktari Sheppard. Tunamwamini daktari kwa sababu ya kiti, wala si kwa lolote alilolifanya. Ni kana kwamba mwandishi wetu Muhammed Said Abdulla angemfanya Najum, rafiki wa mpelelezi wake Bwana Msa, kuwa ndiye muuaji. Nani angefikiria kumchunguza Najum? Baadhi ya wasomaji walikasirika. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri aliyeandika hadithi za upelelezi, alitunga amri kumi za fani hiyo, na ya kwanza inakataza mhalifu kuwa mtu ambaye msomaji ameruhusiwa kuyafuata mawazo yake.

Mimi naupeleka ugomvi huo kwenye ukurasa wenyewe, pale daktari anapomwacha Ackroyd chumbani. Barua imeletwa saa tatu kasoro dakika ishirini usiku. Daktari anaondoka saa tatu kasoro dakika kumi, na barua bado haijasomwa. Basi. Ukitafuta neno la uongo hapo hulipati. Mauaji yamo ndani ya zile dakika kumi, na muuaji mwenyewe ametutajia urefu wake. Mwishoni anajisifu kwa uandishi huo, na kwa kweli ana haki. Huo ndio uongo wa daraja la juu, unaokaa kwenye kilichonyamaziwa, huku kilichosemwa kikibaki kweli tupu. Ukirudia kusoma, sentensi haibadiliki hata herufi moja. Inageuza maana tu.

Uongo wa kutamka nao una nafasi yake, lakini hapo nauliza: anamdanganya nani, na kwa faida gani? Gone Girl ya Gillian Flynn, ya mwaka 2012, inajibu vizuri. Nusu ya kwanza tunasoma shajara ya Amy, mke aliyepotea, na tunaanza kumwogopa Nick, mumewe. Kisha Amy anatuambia kwamba shajara hiyo aliitunga ili polisi waikute. Kwa hiyo uongo haukuandikwa kwa ajili yetu. Sisi tumeusoma kwa bahati mbaya tu, kama watu waliofungua barua isiyo yao. Rudi uisome shajara ile uone ilivyo tamu kupita kiasi, kila kisa kimekatwa mahali pake kama kitambaa cha fundi. Mtu anayejiandikia mwenyewe haandiki hivyo. Dalili zilikuwepo.

Kwa kipimo hichohicho, The Silent Patient ya Alex Michaelides, ya mwaka 2019, ninayo mashaka nayo, ingawa nilikesha nayo. Theo, mtaalamu wa saikolojia, anamtibu Alicia, mchoraji aliyempiga risasi mumewe kisha asiseme tena. Sambamba na hilo anatusimulia jinsi mke wake mwenyewe anavyotoka nje ya ndoa. Tunadhani mambo hayo mawili yanatokea kwa wakati mmoja. Kumbe lile la mke ni la miaka iliyopita, na hawara ni huyo mume wa Alicia. Ujanja wote uko katika kupanga sura. Lakini nani anazipanga? Theo hana anayemficha. Naona mkono wa mwandishi umetokeza chini ya pazia. (Kwa Kiswahili Theo angepata msaada wa bure: kiambishi -ka- husukuma matukio mbele bila kutaja ni lini, na "aliingia" haitaji kama ni mwanamume au mwanamke. Waandishi wetu wa riwaya za taharuki wamekalia hazina.)

Kuna malalamiko ambayo siyahesabu kabisa. Moja ni kumchukia msimulizi. Wengi walichoshwa na Rachel wa The Girl on the Train, riwaya ya Paula Hawkins ya mwaka 2015, kwa sababu ya pombe na kujidhalilisha kwake. Lakini ulevi huo ndio mtambo wa kitabu. Usiku wake una mashimo, na aliyekuwa mumewe ameyajaza kwa maneno yake mwenyewe. Rachel hatudanganyi, anatupa kumbukumbu alizopandikizwa, akiamini ni zake. Ukimfanya mtu wa kupendeza, asiyekunywa, riwaya imekufa. Lalamiko jingine ni kwamba mwovu hakuadhibiwa, kama walivyonung'unika wasomaji wa Gone Girl. Hilo ni suala la haki ya mahakamani, si ya ufundi.

Kwa anayetaka kujaribu mwenyewe: ukifika mwisho, shika penseli urudi kwenye sura tatu za mwanzo. Pigia mstari kila sentensi ambayo sasa ina maana mbili, na uweke alama ya kuuliza kila ulipoona msimulizi amenyamaza bila sababu yoyote ya kwake. Shajara ya Amy, katika nakala yangu, imejaa mistari hadi pembezoni. Sura za Theo zina alama za kuuliza. Ile ya Ackroyd sijui ikoje, bado iko kwa rafiki yangu.