Koo la Land Rover

Mwenye Land Rover ya zamani akifika kwa fundi wa Kayole, Nairobi, huwa na swali moja: nifunge kabureta gani? Fundi anayeijua kazi yake hajibu mara moja. Huuliza kwanza gari linalala wapi, linapanda milima gani, linabeba nini, na likizima porini ni nani atakayelifungua. Nimekaa sana kwenye mabenchi ya gereji za kando ya Spine Road, chini ya vivuli vya mabati, nikiwasikiliza mafundi wakiuliza maswali hayo. Naamini ufundi wenyewe umo ndani yake, na spana hufuata tu.

Gari tunalolizungumzia hapa ni Land Rover Series III, iliyotengenezwa kuanzia mwaka 1971 hadi 1985. Nyingi ya zile zilizobaki Kenya ziliwahi kuwatumikia polisi, misitu na hospitali za misheni, zikauzwa mnadani, na leo zinabeba nyasi, matangi ya maji na mbuzi. Injini yake ya kawaida ya petroli ina silinda nne na ukubwa wa sentimita za ujazo 2,286. Ni injini ya nguvu ya taratibu, haina pupa. Injini hiyo ilianza maisha yake na kabureta ya Solex, kisha miaka ya 1960 ilipokuwa ikielekea mwisho ikapewa Zenith 36 IV. Zenith zilipochakaa, wengi walifunga Weber 34 ICH. Wapo pia waliochukua SU ya Kiingereza, na wapo waliotamani Weber 32/36 yenye makoo mawili. Ukiingia maduka ya spea ya Kirinyaga Road, au ukipita Kariobangi Light Industries panapouzwa vyuma vya magari yaliyovunjwa, utaambiwa kila moja ni bora.

Kabla ya kuchagua, fundi wetu hukumbuka mahali aliposimama. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya bahari. Kazi ya kabureta ni rahisi kueleza: hewa inapita kwenye koo jembamba, inakimbia, na mbio zake zinanyonya petroli kupitia tundu dogo la jeti. Huku juu hewa ni nyepesi. Inapita koo lile lile, lakini uzito wake umepungua, na petroli haipungui kwa kiasi hicho hicho. Kabureta iliyopimwa Mombasa ikifika Kayole huwa imezidisha petroli kwa takriban asilimia 8. Gari linatoa moshi mweusi, plagi zinashika masizi, na mwenyewe analalamika kwamba bei ya mafuta imepanda. Dawa yake ni jeti ndogo zaidi. Namba ya jeti ya Weber ni upana wa tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo 135 ni milimita 1.35. Aliyekuwa na 135 pwani inafaa ajaribu 130 hapa. Tofauti hiyo ya nusu ya sehemu ya kumi ya milimita jicho haliioni, ila injini huisikia tangu mlima wa kwanza. Ndiyo maana fundi anayesafisha jeti kwa waya wa chuma namwona adui wa gari: kila akisugua analipanua tundu, na namba iliyoandikwa pale haina maana tena. Fundi mzuri hutumia upepo wa kompresa, au pumzi yake mwenyewe.

SU naipenda kwa unyofu wake. George Skinner aliibuni mwaka 1904, na wazo lake halijapitwa: badala ya koo la upana mmoja, kuna pistoni inayopanda na kushuka kwa mvuto wa injini, ikibeba sindano iliyochongwa kwa ncha, kiasi kwamba koo hujipanua lenyewe dereva akikanyaga. Haina msururu wa jeti. Kwa aina nyingi zake, ukitaka kupunguza petroli kwa sababu umepanda nyanda za juu, unazungusha nati iliyo chini ya jeti, kazi imekwisha. Joginder Singh na nduguye Jaswant waliposhinda Safari Rally mwaka 1965, Volvo PV544 yao ilikuwa ya ukoo uliofungwa SU mbili mbili. Lakini ile bakuli ya floti ya SU za zamani hukaa ubavuni. Gari likilala upande kwenye korongo, petroli ndani ya bakuli inapanda au kushuka kuliko jeti, na injini inafurika au inakaukiwa wakati ule ule unapoihitaji. Kwa gari la lami SU ni zawadi. Kwa gari la makorongo ya Kajiado nitamsihi mwenyewe afikiri tena.

Weber ya makoo mawili huwavutia vijana, na sababu inaeleweka: koo la milimita 32 linafanya kazi peke yake, ukikanyaga sana la 36 linafunguka, gari linaamka. Tatizo ni kwamba ilikusudiwa injini za magari madogo yanayozunguka kwa kasi. Kwenye Land Rover inahitaji sahani ya kuiunganisha na manifoldi, na mara nyingi ule mpira mkubwa unaoleta hewa kutoka kwenye chujio la oili hauingii tena. Basi linafungwa chujio dogo la sponji juu yake. Aliyewahi kuendesha nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi anajua silinda zitakula nini. Nguvu mliyoipata mwaka huu mtailipa kwa ringi za pistoni mwaka ujao.

Weber 34 ICH, yenye koo moja, ni kabureta ya mtu anayetaka kulala usingizi. Inakaa mahali pa ile ya zamani, inapokea chujio la oili bila ugomvi, na ikishapimwa haibadilikibadiliki. Nguvu inapungua kidogo mlimani kwa sababu imebana zaidi kuliko Zenith. Ila ununue kwa macho mawili, maana kopi zimejaa madukani, na kwenye kopi namba ya jeti na tundu lake haviafikiani.

Mimi nasimama na Zenith, mradi imenyooshwa. Inavuta vizuri, inakunywa kwa kiasi, na iliundwa kwa injini hii. Ubaya wake unajulikana: kifuniko cha juu hupinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, na ile oringi nyembamba iliyo kati yake na bloku ya jeti hukakamaa. Petroli hupata njia ya kupita bila kupimwa. Gari linakunywa, watu wanalaumu jeti, kabureta inatupwa.

Nilimtazama fundi mmoja wa Kayole akiifufua moja iliyokataliwa gereji nyingine. Aliweka rula ya chuma juu ya uso wa kifuniko akakiinua kuelekea mwangani. Mstari wa mwanga ukapita katikati. Mwenye gari, mzee anayefuga mbuzi Kajiado, akauliza, "Sasa hii si tutupe tu, fundi?"

"Mzee, ngoja kwanza. Hii bado ni mzima, imechoka tu."

Akachukua kipande cha kioo kinene, akatandaza juu yake msasa laini uliolowa petroli. Akachorachora uso wa kifuniko kwa kalamu ya wino, kisha akaanza kukisugua kwa umbo la namba 8, akikigeuza kila baada ya muda ili mkono usiegemee upande mmoja. Alipokiinua, wino ulikuwa umetoka pembeni na kubaki katikati: pale palikuwa bonde. Akaendelea bila haraka, mpaka wino ukatoka kote kwa pamoja. Akaweka oringi mpya, akakigeuza kifuniko juu chini ili floti ilale kwa uzito wake, akapuliza kwa mdomo kwenye tundu la kuingizia petroli. Pumzi haikupita. Alipofunga skrubu alizikaza kwa zamu, kidogo kidogo, kwa sababu ukaidi wa mkono ndio ulioipinda mara ya kwanza.

Halafu masikio. Injini ikinguruma polepole, aliifunga skrubu ya mchanganyiko mpaka ikaanza kuyumba, akaifungua mpaka ikatulia, akarudi nyuma kidogo. Gari likapelekwa Kangundo Road na kurudi, plagi zikafunguliwa. Nyeusi ni petroli nyingi, nyeupe ni njaa na joto la hatari. Hizi zilikuwa za kahawia isiyokolea. Alimwonya mzee asinunue petroli ya vibuyu kando ya njia, kwa kuwa ikichanganywa na mafuta taa hakuna kabureta itakayotulia.

Ufundi huu haujafa Kayole kwa sababu ya bodaboda. Pikipiki nyingi bado zina kabureta, na mvulana aliyejifunza kusafisha jeti ya pikipiki tayari anajua nusu ya habari ya Land Rover. Kinachopungua ni vyuma. Magari ya mitumba yanayoruhusiwa kuingia Kenya hayapaswi kuzidi umri wa miaka 8, na ya umri huo yote yana mfumo wa kompyuta wa kupulizia petroli. Zenith zinazozunguka kati ya Kariobangi na Kayole ni zile zile zilizokuja na magari yenyewe. Kwa hiyo hata ukiamua kufunga Weber mpya, mwombe fundi akufungie ya zamani kwenye gazeti, pamoja na jeti zake na kifuniko chake, uende nayo nyumbani.