Kompyuta ya 1982 kwenye Betri ya Sola: Uchambuzi wa Ufufuaji wa ZX Spectrum

Kompyuta za nyumbani, yaani zile mashine ndogo zilizouzwa Ulaya na Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980 ili mtu wa kawaida aziunganishe na televisheni ya sebuleni, zilizipita nyumba za Tanzania Bara kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kisera: nchi iliyopata kompyuta yake ya kwanza katika Wizara ya Fedha mwaka 1965 ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta na vifaa vyake mwaka 1974, na marufuku hiyo ilikuwa bado ipo wakati mashine hizo zilipojaa madukani Uingereza. Ya pili ilikuwa ya kiufundi, na kwa uchambuzi huu ndiyo yenye uzito zaidi: kompyuta ya nyumbani haikuja na kioo chake, ilitegemea televisheni, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa na matangazo yake ya rangi tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo mashine ya aina hii ikifufuliwa leo mahali kama Chitete, makao makuu ya Wilaya ya Momba mkoani Songwe, hapo ndipo itakapoanza maisha ambayo haikuwahi kuyapata. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba nyumba yenye betri ya sola ya volti 12, televisheni bapa ya bei nafuu na simu ya mkononi ina karibu kila kitu ambacho mashine hiyo inakihitaji, ilimradi fundi aelewe vyema sehemu mbili zinazoiua, ambazo ni umeme unaoingia na kumbukumbu yake ya chini.

Mashine inayochambuliwa ni Sinclair ZX Spectrum, iliyozinduliwa tarehe 23 Aprili 1982 na kampuni ya Sinclair Research ya Cambridge, kwa pauni 125 ile yenye kumbukumbu ya kilobaiti 16 na pauni 175 ile ya kilobaiti 48. Ubongo wake ni prosesa ya Z80A inayokwenda kwa megahezi 3.5, programu yake ya kudumu, ambayo ndani yake mna lugha ya BASIC, imo katika chipu moja ya kilobaiti 16, na kazi nyingine karibu zote, kuanzia kuchora picha hadi kusoma vitufe, zilikusanywa katika chipu moja maalumu iliyotengenezwa na Ferranti, inayoitwa ULA. Richard Altwasser aliyesanifu saketi hiyo alikuwa na lengo moja kubwa, yaani bei, na kila udhaifu ambao fundi wa leo anakutana nao umetokana na lengo hilo. Jambo hilo halipaswi kuhesabiwa kuwa kosa, kwa sababu ubahili huohuo ndio ulioiacha bodi ikiwa na sehemu chache, kubwa, zinazoonekana kwa macho na kushikika kwa pasi ya kulehemu ya kawaida, kiasi kwamba fundi aliyezoea redio za kaseti hujikuta yuko nyumbani.

Umeme ndio wa kwanza kuangaliwa, na uangaliwe kabla mashine haijawashwa. Spectrum inataka volti 9 za mkondo mnyoofu, lakini pini ya kati ya tundu lake ni hasi, kinyume kabisa na adapta nyingi za siku hizi, zikiwemo za ving'amuzi, ambazo kati ni chanya na nje ni hasi. Kichwa cha adapta huweza kuingia bila kikwazo chochote, na mwenye mashine asijue kwamba katika sekunde hiyo moja ameunguza transista na, kwa kupitia transista hiyo, kumbukumbu yote ya chini. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ya fundi ni kushika mita, kupima mwelekeo wa umeme kwenye kichwa cha waya, na kuandika alama isiyofutika juu ya adapta itakayotumika.

Betri ya sola inaongeza tatizo ambalo wasanifu wa Cambridge hawakulifikiria. Ndani ya Spectrum kuna kidhibiti volti cha aina ya 7805, yaani kifaa chenye miguu mitatu kinachopunguza umeme hadi volti 5 kwa kuugeuza ule uliozidi kuwa joto. Ikichukuliwa kwamba mkondo unaopita humo ni ampia 0.8, basi kwa umeme wa volti 9 joto litakuwa tofauti ya volti 4 mara 0.8, sawa na wati 3.2, lakini betri inayochajiwa na jua la saa saba mchana hupanda hadi karibu volti 14.4, na hesabu hiyohiyo inatoa wati 7.5 ndani ya boksi la plastiki lisilo na feni. Lililo baya zaidi ni kwamba umeme huohuo usiodhibitiwa unalisha pia kinyanyua volti, saketi ndogo ya transista mbili na koili inayozalisha volti 12 kutoka volti 9. Umeme unaoingia ukizidi 12, saketi hiyo haina njia ya kuushusha, na chipu za kumbukumbu hupokea volti zisizozistahimili. Kuunganisha betri moja kwa moja, hata kama mashine itawaka na kuonekana nzima, ni kuiua polepole. Dawa yake ni kuweka kati ya betri na mashine kipunguza volti cha kisasa, kile kinachokata umeme vipande vipande badala ya kuuchoma, kikiwa kimerekebishwa kwa mita hadi volti 9 kamili kabla ya waya wa mashine kuguswa. Wapo wanaokwenda mbele zaidi wakaitoa ile 7805 yenyewe na kuweka mahali pake kidhibiti cha kisasa chenye miguu mitatu ileile, ambacho hupoteza chini ya nusu wati. Kati ya maboresho yote yanayofanyiwa mashine hii, hili ndilo lenye faida ya wazi kuliko mengine, maana joto ni adui wa kila kilicho juu ya bodi.

Sehemu ya pili inayoua ni kumbukumbu ya chini, na hapa ufafanuzi unahitaji subira. Kilobaiti 16 za kwanza zimo katika chipu nane za aina ya 4116, kila moja ikibeba biti moja ya kila baiti, na chipu za kizazi hicho zilihitaji volti za aina tatu kwa pamoja: 5 chanya, 12 chanya na 5 hasi. Volti 5 hasi zikikosekana huku 12 zikiendelea kuingia, chipu hupata joto kali na kuharibika. Na kwa kuwa volti zote mbili zinatoka kwenye kile kinyanyua volti, transista yake kuu, inayojulikana kwenye michoro kwa jina la TR4, ndiyo inayokufa mara nyingi kuliko sehemu nyingine. Fundi asiyejua uhusiano huu hubadilisha chipu nane, huwasha mashine, na huziunguza nyingine nane mpya. Utaratibu sahihi ni kinyume chake: kwanza volti tatu zipimwe kwenye miguu ya chipu, mguu wa 1 ukionyesha 5 hasi, wa 8 ukionyesha 12 na wa 9 ukionyesha 5, kisha ndipo chipu zenyewe zishukiwe. Kidole bado ni kipimo kizuri katika hatua hii, kwa sababu chipu iliyokufa mara nyingi huwa ya moto kuliko wenzake, au huwa ya baridi kabisa.

Kumbukumbu ya juu ina historia inayostahili kutajwa, kwa kuwa inaonyesha ubahili ukifanya kazi kwa akili. Kilobaiti 32 za ziada ziliwekwa kwa chipu ambazo kwa asili zilikuwa za ukubwa maradufu, lakini zilitoka kiwandani zikiwa na nusu moja mbovu. Sinclair walizinunua kwa bei ya chini na kuweka kwenye bodi kiunganishi cha waya kinachochagua nusu iliyo nzima. Fundi yeyote aliyewahi kutengeneza redio moja kwa spea za redio mbili atautambua mtindo huo. Kwa mfufuaji wa leo maana yake ni nyepesi: chipu nzima za aina ya 4164, zinazofanya kazi kwa volti 5 peke yake, huingia mahali pa zile za juu bila shida, na zipo pia bodi ndogo zilizotengenezwa ili zichukue nafasi ya chipu nane za chini.

Kapasita, yaani vile vipipa vidogo vinavyolainisha umeme, hukauka kwa uzee, na kuzibadilisha zote ni kazi ya saa chache. Hata hivyo, desturi ya kuanza na kapasita kabla ya kupima lolote haifai, kwa kuwa humwondolea fundi ushahidi wa ugonjwa na kumwongezea nafasi ya kukosea chanya na hasi. Kibodi nayo haina fumbo: chini ya mpira mna utando wa plastiki wenye mistari inayopitisha umeme, mkia wake hukatika kwa ukavu, na hauungiki; huagizwa mpya, kwa kuwa bado unatengenezwa.

Picha ndiyo inayorahisishwa zaidi na maisha ya leo. Spectrum ilitoa picha kwa masafa ya UHF, chaneli ya 36, kupitia kiboksi cha bati kilichogeuza picha kuwa matangazo madogo ya antena. Ishara safi ya picha, ile ambayo waya wa njano wa AV huibeba kutoka kwenye king'amuzi, inaingia tayari katika kiboksi hicho. Fundi hukata njia ya masafa, huondoa waya wa umeme wa kiboksi, na kuielekeza ishara hiyo moja kwa moja kwenye tundu lililokuwa la antena. Mfumo wake wa rangi ni PAL, kwa hiyo televisheni iliyozoea king'amuzi huipokea bila maelezo zaidi.

Programu zilihifadhiwa katika kaseti kama sauti, wimbi la biti ya 1 likiwa na urefu mara mbili ya wimbi la biti ya 0, na programu inayojaza mashine ilichukua dakika nne hadi tano kuingia. Tundu la kaseti halijali sauti inatoka wapi. Simu yenye tundu la spika za masikioni, ikiwekewa faili la sauti lisilobanwa, ikipandishwa sauti karibu na mwisho na kufungiwa mtandao ili mlio wa ujumbe usiingie katikati, hufanya kazi ya kinasa sauti, na haina mkanda wa kukwama wala kuliwa na vumbi la kiangazi.

Uthibitisho wa kazi yote mashine inautoa yenyewe. Inapowashwa, programu yake ya kudumu huandika tarakimu 2 katika kila baiti ya kumbukumbu, jambo linaloonekana kwenye kioo kwa muda mfupi kama mistari myembamba myekundu iliyosimama juu ya weusi, kisha huipunguza kila baiti mara mbili ili kuhakikisha kwamba imefika sifuri. Ikikuta baiti isiyotii, husimama hapo na kuihesabu kumbukumbu yake kuwa imeishia mahali hapo. Kwa hiyo mashine ambayo kumbukumbu yake ya juu imekufa yote haigomi kuwaka, bali hujiona kuwa ya kilobaiti 16 na kuendelea na kazi. Fundi huandika amri moja ya BASIC, PRINT PEEK 23732+256*PEEK 23733, na kusoma jibu: 32767 likimrudisha kwenye chipu za juu akiwa na mita mkononi, na 65535 likimruhusu kufunga kifuniko na kukaza skrubu.