Waya ao bila waya: ile tablo haikuandikwa kwa Masisi

Wenzangu wa lisansi, na ninyi mungali ku auditwari: kila mara tukizungumzia intaneti ya nyumbani, mutu analeta ile tablo ya kozi ya enformatiki. Waya: mbio, hautikisiki. Bila waya: rahisi kuweka, lakini umbali na mvua vinaipunguza nguvu. Sipingi. Nuru ndani ya fibre inakimbia karibu kilometa 200.000 kwa sekonde, na mvua haiigusi.

Lakini ile tablo iliandikwa fasi kwenye barabara iko. Fibre ya kutoka Goma kwenda Masisi ingepita Sake, halafu ipande milima yenye udongo unaoporomoka musimu wa mvua. Ikikatika, fundi anapita wapi, na nani anamuruhusu? Tangu vita ifike Masisi-centre mu Januari 2025, na Walikale-centre mu Machi, hilo si swali la enformatiki tena. Sisi wa agronomi tunajua: mufereji unashinda kungoja mvua, ila unataka majirani wote wa juu wakubali.

Na "bila waya" nayo iko na uongo wake. Rezo ya telefone inatoka ku antene, antene inakula mazutu, na mazutu inapita barabara ile ile. Kuna mwaka nilikuwa Masisi kwa kazi ya mbegu za viazi. Dosie yangu ya burse ilifika asilimia 80, mazutu ya antene ikaisha, rezo ikaenda. Delei ilikuwa saa sita ya usiku. Nilikaa na telefone mukononi mupaka asubui. Pano za jua na batri nzuri pale juu zingeniokoa. Tablo haizitaji hata.

Sasa kila mutu anasema Starlink. ARPTC iliikataza Machi 2024, ikaipa ruhusa Mei 2025. Satelite zake ziko karibu kilometa 550 juu; VSAT ya zamani inatafuta yake ku kilometa 36.000, ndiyo maana ukiongea, jibu linachelewa kama mutu amesinzia. Kwa Walikale, kati ya pori, ninaichagua bila kubishana. Ila sahani moja kwa kila nyumba ni mambo ya matajiri. Iwekwe ku shule ao kituo cha afya, waifai ifikie nyumba za jirani, na watu wachange forfe ya mwezi. Lakini batri inunuliwe mbele ya sahani.