Kulewa na Kulevya: Nyimbo za Kantri za Marekani Zikisomwa kutoka Katanga

Kitenzi kulewa katika Kiswahili hakidai mtu wa pili. Fulani amelewa: sentensi imetimia, na lawama imekwisha tua. Kikinyambuliwa katika kauli ya kutendesha, kikawa kulevya, mara moja sentensi hudai pande mbili, yaani kilicholevya na aliyelevywa. Aliyelewa lugha imempa jina la kila siku, mlevi. Anayelevya hana jina lililozoeleka, ingawa istilahi ya dawa za kulevya imekibeba kitenzi hicho mgongoni. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tofauti hiyo ya kisarufi ni tofauti ya kihakiki vilevile, na kwamba nyimbo zinazohusu uraibu vijijini zaweza kupimwa kwa swali moja: je, wimbo umetungwa katika kulewa au katika kulevya?

Mifano imechukuliwa mbali, katika muziki wa Marekani uitwao kantri. Umbali huo si mkubwa kama unavyodhaniwa. Kantri ni muziki uliozaliwa katika mashamba, milima na reli za kusini mwa nchi ile, ukaanza kurekodiwa katika miaka ya 1920, na mmoja wa waimbaji wake wa kwanza mashuhuri, Jimmie Rodgers, alikuwa mfanyakazi wa reli. Santuri zake zilifika Afrika ya Mashariki mapema sana. Mwaka 1950 Hugh Tracey alirekodi nchini Kenya wasichana wa Kipsigis wakiimba juu ya kiumbe aitwaye Chemirocha, ambaye hakuwa mwingine ila Rodgers huyo, jina lake likiwa limetiwa sauti za lugha yao. Mwaka 1952 Tracey huyohuyo alimrekodi Jean-Bosco Mwenda, kijana wa Bunkeya, katika mji wa Jadotville, ambao leo ni Likasi. Mtu mmoja, gitaa moja, habari ya nyumbani inayosimuliwa kwa sauti isiyopazwa: msikilizaji wa Katanga hana haja ya kufundishwa umbo la wimbo wa kantri. Analijua.

Kwa muda mrefu kantri ilikuwa sanaa ya kulewa. Mwanamume ameachwa, anakunywa, analia, na kesho anakunywa tena. Pombe ilikuwa msiba wa moyo wa mtu mmoja, na dawa za kulevya zilidhaniwa kuwa mambo ya vijana wa mijini. Wimbo unaoonyesha wazi msimamo huo ni ule wa Merle Haggard wa mwaka 1969, "Okie from Muskogee", unaousifu mji mdogo ambao watu wake hawavuti bangi. Wahakiki wamebishana kama Haggard alikuwa akisema kweli au akidhihaki. Hata hivyo, jambo la kuvutia zaidi ni kwamba wimbo huohuo unaikataa bangi huku ukiitukuza pombe kali inayokenekwa kienyeji, ndugu wa lutuku ya Katanga na gongo ya Tanzania. Kile kinacholevya wageni ni uovu. Kile kinachotulevya sisi ni mila. Mantiki hiyo haihitaji pasipoti ili kuvuka bahari.

Miaka miwili baadaye, mwaka 1971, John Prine alitoa santuri yake ya kwanza. Wazazi wa Prine walitoka katika wilaya ya makaa ya mawe ya Muhlenberg, jimboni Kentucky, naye mwenyewe alikuwa amefanya kazi ya kugawa barua karibu na Chicago. Katika santuri hiyo mna wimbo "Paradise", juu ya kijiji kilicholiwa na machimbo ya makaa ya mawe, na mna wimbo "Sam Stone", juu ya askari anayerudi kutoka vitani ng'ambo akiwa na jeraha la goti na mazoea ya mofini. Mofini haikuletwa na tamaa yake. Alipewa ili apunguziwe maumivu, na waliompa ndio waliompeleka alikojeruhiwa. Hapa kitenzi kimekwisha badilika: Sam Stone hakulewa, alilevywa. Lakini Prine hakuandika hotuba dhidi ya serikali. Beti zinasimulia katika nafsi ya tatu, kwa ubaridi, kama jirani anayetoa taarifa. Kiitikio kinatoka katika kinywa cha mtoto anayetazama mkono wa baba yake na kujua fedha za nyumbani zinaishia wapi. Mtoto hajui siasa. Anajua hesabu. Kwa kumpa mtoto kiitikio, mtunzi amemnyima msikilizaji nafasi ya kumwita Sam Stone mlevi na kwenda zake, kwa kuwa mtoto hamwiti hivyo. Anamwita baba.

Wimbo "Take a Little Pill" wa Brandy Clark, katika albamu yake *12 Stories* ya mwaka 2013, una nguvu ya aina nyingine, nayo ni ndogo zaidi. Clark alikulia Morton, mji mdogo wa wakata magogo katika jimbo la Washington. Vidonge vya wimbo wake havitoki kwa mchuuzi wa kichochoroni. Vimo nyumbani, katika chupa za duka la dawa, na kiitikio kina lafudhi ya ushauri mwema unaotolewa kwa mgonjwa. Msomaji wa Kiswahili ana bahati hapa. Neno dawa kwetu ni tiba, ni sumu ya panya, ni hirizi, na ni hiyo ya kulevya. Wimbo mzima unaishi ndani ya upana wa neno hilo moja. Udhaifu wake ni kwamba kejeli ya kiitikio, ikirudiwa, huanza kujipendeza yenyewe, na msikilizaji hucheka mahali alipopaswa kuogopa.

Kazi iliyo bora kuliko zote katika kundi hili ni "Nose on the Grindstone" ya Tyler Childers. Mtunzi alizaliwa mwaka 1991 katika wilaya ya Lawrence, mashariki mwa Kentucky, katika familia iliyoishi kwa makaa ya mawe. Wimbo aliuimba kwa miaka mingi jukwaani na gitaa peke yake kabla ya kuuingiza katika albamu ya studio mwaka 2025. Habari yake ni fupi. Baba amechimba makaa ya mawe ya wilaya ya Pike hata mgongo ukaharibika, hawezi tena kufanya kazi. Anampa mwanawe wosia: afanye kazi kwa bidii, pua juu ya kinoo kama wasemavyo kwao, na ajiepushe na vidonge. Basi.

Mhakiki aliyezoea kutafuta ujumbe ataukuta mara moja: vijana, fanyeni kazi, epukeni dawa za kulevya. Atauandika, atafunga daftari, na wimbo utakuwa umempita. Kwa nini mchimbaji wa makaa ya mawe, katika kumwonya mwanawe, ataje vidonge na asitaje pombe, kamari au wanawake? Wimbo haujibu. Umeweka mgongo uliovunjika kwanza, na vidonge baadaye, na kati ya hivyo viwili umeacha kimya. Kila msikilizaji wa Kentucky anajua kilichomo ndani ya kimya hicho. Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ilianza kuuza OxyContin, kidonge cha maumivu cha jamii ya afyuni, na wilaya za machimbo za milima ya Appalachia, zilizojaa migongo na magoti yaliyoumizwa na kazi, zilikuwa miongoni mwa zile zilizokipokea mapema na kwa wingi. Mwaka 2007 kampuni mshirika wake ilikiri mahakamani kwamba bidhaa hiyo iliuzwa kwa maelezo ya kupotosha juu ya hatari ya uraibu, na fidia na faini zikapita dola milioni 600. Mwaka 2020 Purdue yenyewe ilikiri makosa mengine.

Kwa hiyo wosia wa baba una kitanzi ndani yake. Anamwambia mwanawe afanye kazi na asiguse vidonge, ilhali katika wilaya ile kazi ndiyo iliyokuwa njia ya kufikia vidonge. Pua iwekwe juu ya kinoo, na ni kinoo hicho kinachomaliza mgongo. Wala baba hasemi kwamba yeye mwenyewe alivimeza. Mwana pia hakiri waziwazi. Lakini mwana anayakumbuka maneno hayo kama mtu aliyekwisha kuyakosea, akijua kwamba yapo maumivu anayoweza kuyasababisha ambayo muda hauyaponyi. Wimbo unaimbwa kutoka upande wa pili wa onyo.

Mtunzi huyohuyo ana wimbo mwingine, "Whitehouse Road", katika albamu *Purgatory* ya mwaka 2017, ambao msimulizi wake anakunywa, anatumia kokeini na hajuti hata kidogo. Wapo watakaosema nyimbo hizi mbili zinapingana. Hazipingani. Wimbo juu ya ulevi usiokubali kwamba ulevi hufurahisha unasema uongo, na wanaoupenda ulevi ndio wa kwanza kuugundua uongo huo.

Swali linalobaki ni la Katanga. Nchi hii nayo imejengwa juu ya kinoo. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, ikarithiwa na Gécamines mwaka 1967, na katikati ya miaka ya 1980 Gécamines ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Mwezi wa Septemba 1990 mgodi wa Kamoto ulibomoka. Mwaka 1993 mgodi wa Kipushi ulifungwa, usirudi kutoa madini hadi mwaka 2024. Kati ya mwaka 2003 na 2004 wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondolewa kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Wengi walirudi mashambani au wakaingia katika machimbo ya mikono, na lutuku, inayokenekwa kwa mahindi au mihogo, haikuwa mbali na mahali popote pale.

Nyimbo zinazosikika juu ya mambo haya redioni na katika sherehe za shule ni, kwa sehemu kubwa, nyimbo za kulewa. Nafsi yake ni wewe: wewe mlevi, wewe kijana, wewe baba uliyeacha watoto na njaa. Kiimbo ni cha katekista. Mwishoni mlevi ama anatubu ama anakufa, na kwa vyovyote vile jambo linaishia kwake. Wahakiki nao wamechangia. Uchambuzi wa nyimbo katika vyuo umekaa mno katika jozi ya fani na maudhui, na maudhui yamepunguzwa yakawa ujumbe, na ujumbe ukawa amri. Kwa mizani hiyo wimbo wa kampeni unapata alama zote, na wimbo wa mtu aliyekaa nje ya kilabu na gitaa, asiyemhukumu yeyote, unaandikiwa kwamba hauna mafunzo. Si haki, na pia si uhakiki.

Ipo sababu nyingine, isiyo ya kitaaluma. Si siri kwamba nchini Kongo matamasha mengi hudhaminiwa na viwanda vya bia, na kwamba majina ya bia huimbwa kwa sauti ileile inayoimba majina ya wapenzi. Gitaa la Katanga lenyewe halikuwa na usafi huo wa kale unaosifiwa: wapigaji waliokwenda Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, Bosco na Edouard Masengo wakiwa miongoni mwao, waliingia katika matangazo ya biashara, ya vidonge vya Aspro miongoni mwa mengine. Hakuna dhambi katika mwanamuziki kula kwa kazi yake. Lakini anayelipa hawezi kwa urahisi kuwa kiima cha kitenzi kulevya. Inafaa kukumbukwa pia kwamba Lubumbashi hunywa bia iitwayo Tembo, yenye picha ya ndovu, jina ambalo katika Kiswahili cha pwani ni pombe ya mnazi. Lugha imetania kabla ya watani.

Hata hivyo, kantri isipewe taji kwa haraka. Katika nyimbo tatu zilizochambuliwa, hakuna hata moja inayomtaja aliyelevya kwa jina. Prine anaacha vita bila jina la waliovianzisha. Duka la dawa la Clark halina mwenyewe. Childers ametaja wilaya ya mgodi, hakutaja kampuni ya vidonge. Nyumba inasema, kiwanda kinanyamaza. Kwa Childers kimya hicho ni sanaa, kwa sababu wasikilizaji wake wanaweza kukijaza wenyewe. Kwa msikilizaji wa mbali, au wa kizazi kijacho, kimya hichohicho kitaonekana kuwa utupu, na wosia wa baba utabaki kuwa wosia tu. Hiyo ndiyo gharama ya kutegemea kile ambacho wilaya nzima inakijua.

Katanga ina jambo la aina hiyo ambalo mkoa mzima unalijua. Mpango ule wa 2003 ulipewa jina rasmi la Kifaransa, Départs Volontaires, kuondoka kwa hiari, na jina likawabandika watu wenyewe. Kisarufi walifanywa kuwa watenda: wameacha kazi. Wao na wake zao walijua kwamba kitenzi sahihi ni kuachishwa. Mtunzi atakayempa mtoto wa mmoja wao kiitikio, baba akiwa kando na kilauri cha lutuku, hatalazimika kulitaja neno mlevi hata mara moja.