Uhakiki: Nyota Mbele ya Bata Bukini

Wanafunzi wa isimu historia wanapofikia mada ya urejeshaji wa lugha mame, aghalabu huandikiwa ubaoni neno lenye nyota, *ǵʰans-, na kuambiwa kwamba hivyo ndivyo wasemaji wa Kihindi-Ulaya cha kale walivyomwita bata bukini. Hulinakili, hulikariri, na siku ya mtihani hulirudisha kama lilivyo. Makala haya yanahoji desturi hiyo. Sidai kwamba umbo hilo ni kosa. Ninachodai ni kwamba tunalifundisha kama neno lililosikika, ilhali ni muhtasari wa hoja.

Tuanze na ushahidi. Kisanskriti kina haṃsa, Kigiriki khēn, Kilatini anser, Kijerumani Gans, Kiingereza goose, Kilithuania žąsis na Kirusi gus'. Kwa kutazama tu, baadhi yanafanana na mengine hayafanani. Lakini mbinu linganishi haitafuti kufanana. Hutafuta ulinganifu wa sauti unaojirudia. Neno la majira ya baridi linatupa kipimo: Kigiriki kheima, Kilatini hiems, Kilithuania žiema, Kirusi zima. Mlolongo huu wa kh, h, ž na z ndio unaoturuhusu kudai kwamba lugha mame ilikuwa na kipasuo ghuna chenye mpumuo, kilichotamkwa karibu na kaakaa gumu. Hata kukosekana kwa n katika goose kuna kanuni yake: Kiingereza kilidondosha n mbele ya s, ndiyo maana Kijerumani kina uns na Kiingereza kina us.

Sasa tukitumie kipimo hicho bila upendeleo. Ikiwa zima ina z, basi Kirusi kilipaswa kuwa na z katika jina la ndege huyu. Badala yake kina g. Ikiwa hiems ina h, Kilatini kilipaswa kuwa na hanser. Wataalamu wana majibu. Kuhusu Kirusi, wapo wanaosema neno liliazimwa kutoka lugha za jamii ya Kijerumani, na wapo wanaoona athari ya s iliyofuata. Kuhusu Kilatini, husemwa kwamba h ilidondoka katika matamshi ya watu wa mashamba. Majibu haya yana mantiki, lakini ni nyongeza juu ya kanuni. Mwanafunzi asiyeonyeshwa nyufa hizi hajafundishwa urejeshaji; amefundishwa imani.

Irabu nayo ina mgogoro wake. Baadhi ya wanaisimu huandika *ǵʰans-, wengine *ǵʰh₂ens-, wakishikilia kwamba a ilizaliwa na e iliyokaa jirani na sauti ya koo iliyopotea. Nadharia hiyo ilianzia kwa Saussure mwaka 1879, na mwaka 1927 Kuryłowicz akaonyesha mabaki ya sauti za aina hiyo katika Kihiti. Maana pia haijatulia: katika Kiayalandi cha kale neno hili, géis, ni la ndege mwingine wa jamii hiyo, yule mweupe mwenye shingo ndefu zaidi.

Onyo la zamani lipo. Mwaka 1868 August Schleicher alitunga hekaya fupi kwa lugha aliyoirejesha, na kondoo akamwita avis. Msomaji wa Kilatini angedhani hekaya inahusu ndege, kwa kuwa avis ya Kilatini ni ndege. Kondoo ni ovis. Mwaka 1939 lilichapishwa toleo jipya la hekaya hiyo lililoandikwa na Hermann Hirt, na maneno mengi yakabadilika sura. Wasemaji wa kale hawakuwa wamebadili lugha yao katikati ya miaka hiyo. Kilichobadilika ni hoja.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi walimu wa Kiswahili hapa Uganda? Kwa sababu mbinu hiyohiyo ndiyo inayoweka pamoja ennyonyi ya Kiganda, inyoni ya Kinyarwanda na ya Kizulu, na nyuni ya Kiswahili. Aidha, ndiyo inayotukinga dhidi ya wanaokusanya maneno yenye asili ya Kiarabu na kuhitimisha kwamba Kiswahili si lugha ya Kibantu. Kuazima msamiati si kubadili ukoo. Tukiwazoesha wanafunzi kumeza nyota bila kuuliza, tutawanyima silaha ya kujibu hoja hiyo.

Napendekeza basi tugeuze utaratibu. Tuwape kwanza data, pamoja na zile zinazokaidi. Waunde umbo lao wenyewe na kulitetea mbele ya wenzao. Nyota waiweke mwisho, wakijua kwamba maana yake ni: hivi ndivyo ushahidi unavyotufikisha kwa sasa.