Ezio Pinza hakushuka

Wandugu, kuko neno moja sisi watu wa lisansi tunapenda kutupia wenzetu: "ameshuka." Agronome anauza mbegu ku soko, ameshuka. Mwenye kusoma sheria anafundisha ku shule ya msingi, ameshuka naye. Leo nataka kulipima hilo neno kwa kazi ya mwimbaji mmoja wa Italia, Ezio Pinza, aliyekuwa na sauti ya besi. Kama kuko mutu angepashwa kuitwa "aliyeshuka", basi ni yeye. Mimi nasema hapana, na nitaeleza sababu.

Pinza alizaliwa Roma tarehe 18 Mei 1892, akakomalia Ravenna. Baba yake alikuwa fundi wa mbao, nyumba ilikuwa ya kimaskini. Ujanani Ezio alitaka kuwa mukimbiaji wa baiskeli. Kiisha akasoma uimbaji ku konservatwari ya Bologna, lakini kusoma noti hakukujua maisha yake yote. Kila opera aliiingiza kichwani kwa sikio, mupiga piano akimrudilia mpaka ikae. Wengine wanapenda kusema: mumeona, masomo si kitu. Si kweli. Alisoma, alikuwa na walimu, na kujifunza opera nzima kwa sikio kunaomba kazi mingi kuliko kuisoma ku karatasi. Mutu hawezi kufanya vile na opera 50 kwa uvivu.

Aliimba opera yake ya kwanza mwaka 1914 ku Soncino, mji mudogo, ndani ya Norma. Vita vikamuchukua, akawa askari. Vita vilipoisha akarudi ku kazi, mpaka akafika La Scala ya Milano, chini ya Toscanini, kiongozi wa okestra ambaye hakuvumilia uzembe ata kidogo. Tarehe 1 Novemba 1926 akaingia Metropolitan Opera ya New York, akabaki pale misimu 22. Aliimba pale zaidi ya mara 750.

Sasa angalieni besi anapewa kazi gani ku opera. Mimi mwenyewe naimba besi ku korali, na ninajua: sisi tunasimama nyuma, tunashika nyumba isianguke. Ku opera ni vilevile. Besi ni mfalme, padri, baba mwenye kulaani, ao shetani. Mapendo ni ya tenori. Pinza aliimba hao wote: Oroveso mukubwa wa makuhani, Ramfis wa Aida, Mefistofele wa Faust. Tena alipata sifa kubwa na Don Giovanni wa Mozart, lakini yule naye anadanganya wanawake, hapendi mutu.

Mwaka 1948 akatoka Metropolitan. Tarehe 7 Aprili 1949, aliposhota miaka 57 kwa karibu wiki sita tu, alisimama ku jukwaa la Broadway ndani ya South Pacific ya Rodgers na Hammerstein, pamoja na Mary Martin. Ule si opera. Ni mchezo wa kuongea na kuimba, watu wanakuja kufurahi, na tiketi zinauzwa kila siku. Hapo njo neno letu linaingia: mufalme wa Metropolitan anaimba nyimbo za kuchekesha watu wa mji!

Lakini tusikilize mbele ya kuhukumu. Ndani ya Don Carlo ya Verdi, mufalme Filipo anakaa peke yake usiku. Selo inalia mbele, kiisha yeye anasema mwanamke wake hakumupenda hata siku moja. Pinza aliirekodi. Hapigi kelele. Anashika mustari mumoja wa pumzi, murefu, kila neno linasikilika, na pahali wengine wangenguruma yeye anapunguza. Sasa weka sahani ya South Pacific ya 1949, tafuta wimbo "This Nearly Was Mine". Emile de Becque, Mufaransa muzee kidogo mwenye shamba kubwa ku kisiwa, amekataliwa na mwanamke anayemupenda. Muziki ni wa valsi, mwepesi, mutu angeuimba kwa machozi ya bei ya chini. Pinza anauimba sawasawa na Filipo: pumzi ile ile, adabu ile ile. Ni muzee yule yule asiyependwa, tofauti ni kwamba huyu hana taji la kujificha nyuma yake.

Njo maana nasema hakushuka. Aliondoka ku nyumba moja akaingia ingine, na hakuacha vyombo vyake ku mulango. Mbinu aliyoijenga kwa wafalme aliileta yote kwa De Becque. Kama angeimba nusu nguvu juu "hawa si watu wa opera", hapo ningekubali neno. Mwaka 1950 alipewa tuzo ya Tony kwa kazi hiyo.

Sisemi kila kitu kilikuwa kizuri. Mufaransa wake anaongea na lafuzi ya Italia toka mwanzo mpaka mwisho. Na filamu alizocheza Hollywood kiisha, sawa Mr. Imperium ya 1951, hazikufanikiwa. Kamera haikuhitaji pumzi yake ndefu. Si kila nyumba inapokea vyombo vyako.

Kuko tena jambo lingine, na hapa naongea sawa agronome wa Kongo. De Becque ni mwenye plantasio. Nani analima? Bloody Mary, muchuuzi wa mule ndani, ni wa Tonkin, kaskazini ya Vietnam ya leo, na watu wa kule waliletwa visiwani kufanya kazi ku mashamba ya wazungu. Mchezo unasema wazi juu ya ubaguzi wa rangi, lakini wafanyakazi wa lile shamba karibu hatusikii sauti yao. Sisi tunaojua hadisi ya plantasio za wakoloni, tungepashwa kuuliza mapema. Lakini Pinza anafungua kinywa, na sisi tunamuhurumia patron. Hiyo njo nguvu yake, na njo hatari yake. Mwimbaji aliyeshuka hangeweza kutusahaulisha swali kubwa vile.

Pinza alikufa tarehe 9 Mei 1957. Mwaka uliofuata, filamu ya South Pacific ikatoka. Rossano Brazzi alicheza De Becque kwa uso na mwili, na sauti ya kuimba ilikuwa ya Giorgio Tozzi, besi wa Metropolitan. Walihitaji watu wawili ku nafasi yake, na kwa kuimba walirudi kulekule alikotoka.

Basi, siku nyingine ukimuona mwenye lisansi ku soko na mbegu zake, mbele ya kusema neno, uliza swali moja: ile aliyoisoma, ameileta pale ao ameiacha nyumbani?